Nairobi hadi New York: ni masaa mangapi hewani?

Swali hili linaulizwa sana hapa kafe, hasa na wanaosubiri majibu ya vyuo vya nje. Mimi lilishaniaibisha, so leo naliandika lote.

Januari 2019 dada yangu, binti wa mama mkubwa, alipanda basi hapa Arusha, akavuka Namanga, akaenda kupandia ndege Nairobi. Tiketi ilisema: kuondoka 23:25, kufika 06:25. Nyumbani mimi ndiye "mtu wa kompyuta", nikatangaza kwa kujiamini: masaa saba tu! Saa 12 na dakika 25 asubuhi tukaizunguka simu. Kimya. Saa tatu kimya. Saa sita mchana mama mkubwa analia na majirani wameanza kuingia. Simu ikaja kuita saa kumi kasoro: "Nimefika salama, huku ndio kwanza kumekucha." Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Nilichemsha hapa: saa za kwenye tiketi ni za mji husika. Muda wa kuondoka ni wa Nairobi, wa kufika ni wa New York.

1. TOFAUTI YA SAA. Kenya na Tanzania ziko GMT+3 mwaka mzima. New York ni GMT-5 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi. Miezi mingine ni GMT-4. Kwa hiyo sisi tuko mbele kwa masaa 8 au 7. Ile Januari: masaa 7 ya tiketi + 8 ya tofauti = masaa 15. Kule saa 06:25 asubuhi, huku ni saa nane na dakika 25 mchana.

2. UMBALI. Kwa mstari wa hewani ni kama kilomita 11,800. Mstari huo unakwenda kaskazini magharibi, unakatiza Sahara, halafu Atlantiki. Kwa masaa 15 ni wastani wa kilomita 787 kwa saa.

3. KURUDI NI HARAKA KIDOGO, kama masaa 14. Kule juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma.

4. MOJA KWA MOJA AU KUUNGANISHA? Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787 Dreamliner. Ukiunganisha kupitia Dubai, Amsterdam au kwingine, ongeza masaa ya kusubiri.

5. TAHADHARI YA USIKU WA MANANE. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, nenda uwanjani tarehe 14 jioni. Ukisubiri tarehe 15 usiku, ndege ilishaondoka jana yake.

Kabla ya kuwaambia wazee muda wa kufika, geuza kwanza saa zote mbili ziwe za nyumbani, ndipo utoe. Mama mkubwa siku hizi haniulizi tena, anasema atampigia binti yake mwenyewe. Na anajua kuhesabu: akipiga saa tatu asubuhi, anamwamsha saa saba au saa nane usiku!

Wewe je, tiketi ilishakuchanganya? Tiririka hapo chini.