Shilingi 30 za Mwalimu wa Kujitolea

Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1986, kwa hesabu za serikali, walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Sifa hupewa Mwalimu Nyerere, aliyeufanya 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na chama tawala cha wakati huo, TANU, kilichoazimia kufuta ujinga ifikapo mwisho wa 1975. Wanastahili. Lakini azimio halishiki chaki. Kazi ilibebwa na walimu wa kujitolea, wengi wao vijana wa darasa la saba waliokosa nafasi ya sekondari, na wanafunzi wao walikuwa watu wa rika la wazazi wao.

Wapo wanaosema kijana wa darasa la saba hana cha kumfundisha mtu mzima. Hoja hiyo ina uzito iwapo somo ni historia au jiografia. Kisomo chenye manufaa, kilichojaribiwa kuanzia 1968 katika mikoa ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, kilikwenda njia nyingine: mkulima wa pamba alisomea kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, wa migomba cha migomba. Kuhusu kupanda na kupalilia, mwanafunzi alimshinda mwalimu wake. Kijana alileta herufi na tarakimu tu, yaani uwezo wa kusoma stakabadhi ya chama cha ushirika na kujua kama kilo zilizoandikwa ndizo zilizopimwa. Mzee aliyeketi mbele yake hakuwa mjinga wa kila kitu, na nadhani hilo lilimpunguzia aibu kuliko hotuba yoyote.

Pingamizi zito zaidi linahusu takwimu. Aliyefikia kiwango cha tatu kati ya vinne vya kisomo alihesabiwa kuwa amefuzu, ingawa kusoma gazeti na kutunza hesabu ndogondogo vilikuwa vya kiwango cha nne. Na kweli, sensa ya 2002 ilikuta karibu watu watatu kati ya kumi hawajui kusoma. Basi sehemu ya ushindi ule ilikuwa ya karatasi, nakubali. Sikubali kwamba kosa ni la kujitolea kwenyewe. Mwalimu wa kujitolea aliahidiwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, nayo mara nyingi ilichelewa, na mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 ukaimaliza thamani. Aliyefuzu naye alihitaji kitu cha kusoma, kama gazeti la vijijini Elimu Haina Mwisho lililotolewa Mwanza. Karatasi ilipoadimika, herufi zikaanza kumtoka. Waliopanga bajeti waliihesabu kazi ya kujitolea kana kwamba haina gharama, ilhali ilihitaji taa, mafuta, vitabu, mkaguzi anayefika, na hizo shilingi 30 kulipwa kwa wakati.