Kuhubiri na Kushiriki: Mitazamo juu ya Imani Ngeni katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa, 1891 hadi Leo

1.0 Utangulizi

Bandari ya Itungi, wilayani Kyela, ipo mahali ambapo nchi tambarare ya mpunga na kakao inakutana na Ziwa Nyasa. Kutoka hapo meli za abiria zimekuwa zikifuata mwambao wa mashariki kupitia Matema, Manda na Liuli hadi Mbamba Bay. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Mto Songwe, ipo Karonga nchini Malawi. Kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini njia hizi za majini na nchi kavu zimeleta bidhaa na wageni, na pamoja nao zimeleta dini.

Makala haya yanachunguza namna watu wa mwambao huo, hususan Wanyakyusa, walivyozipokea imani ngeni na wale waliozihubiri. Maandishi mengi kuhusu suala hili huuliza mhubiri alifundisha nini. Makala haya yanauliza swali jingine: je, aliyeipokea imani mpya aliendelea kula, kuzika na kusherehekea pamoja na wenzake? Hoja inayotetewa ni kwamba mgogoro ulitokana zaidi na kukoma kwa ushiriki kuliko na mafundisho yenyewe. Baada ya kuonesha hoja hiyo katika historia ya ziwa, makala yanaipima kwa kanisa lililofika Tanzania kwa njia nyingine na miaka mia moja baadaye, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hujulikana kwa wengi kama Wamormoni.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatusaidia kuliona tatizo. Kushiriki ni kuwa na sehemu yako katika jambo la wengi, na kushirikisha ni kumpa mwenzako sehemu hiyo. Wamoravian wa Tanzania huliita kusanyiko lao la mahali ushirika, na Walutheri huliita usharika. Kwa hiyo anayesema anataka kumshirikisha jirani imani yake anaahidi mengi kuliko maneno. Jirani naye ana haki ya kuuliza kama ushirika mpya utavunja ule wa zamani.

2.0 Ujumbe uliokuja kwa njia ya maji

Mwaka 1891 makundi mawili ya wamisionari wa Kijerumani yalifika kaskazini mwa ziwa kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire. Kundi la Wamoravian lilikuwa na watu wanne: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Martin alifariki mwaka huohuo, na wenzake wakaanzisha kituo cha Rungwe. Kundi la Misheni ya Berlin liliongozwa na Alexander Merensky. Mashirika hayo mawili yaligawana eneo: Wamoravian walishika upande wa magharibi, ambako baadaye walifungua kituo cha Ipyana katika tambarare ya Kyela, na Waberlin walishika upande wa mashariki kuelekea milima ya Livingstone. Marcia Wright, katika utafiti wake wa misheni za Kijerumani za Nyanda za Juu Kusini, anaonesha kwamba historia ya misheni hizo haitenganishiki na siasa za machifu na za dola ya kikoloni.

Mgawanyo huo una maana katika mjadala wetu. Wageni waliokuja kutangaza habari njema kwa watu wote walianza kwa kuchora mpaka wa nani atamhubiria nani. Mnyakyusa wa Ipyana hakuchagua kuwa Mmoravian badala ya kuwa Mlutheri. Mahali alipozaliwa palimchagulia. Baadaye, mahubiri yalipoanza kutoka nje ya mpaka huo, makanisa yaliyotangulia yaliyaona kama uvamizi, ingawa nayo yalikuwa yamefika kwa njia hiyohiyo vizazi vichache tu kabla.

Hata jina la Mungu lilipaswa kujadiliwa. Kwa mujibu wa Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey Wilson katika miaka ya 1930, Kyala alikuwa shujaa wa kale aliyehusishwa na mahali patakatifu pa kando ya ziwa, chini ya milima ya Livingstone. Wamisionari walilichukua jina hilo kumtaja Mungu wa Biblia. Basi mhubiri alipofungua kinywa kufundisha, alikuwa tayari ameazima neno kutoka kwa anayefundishwa. Kushirikishana kulikwenda pande mbili tangu mwanzo, ingawa taarifa za misheni zilipenda kuonesha upande mmoja tu.

3.0 Mlo, pombe na msiba: kipimo cha wenyeji

Wanyakyusa wa wakati huo waliishi katika vijiji vya marika. Vijana wa rika moja walijenga pamoja, wakakua na kuzeeka pamoja. Fadhila kuu ya maisha hayo iliitwa ukwangala, yaani kufurahia kuwa na wenzako kwa kula, kunywa na kuzungumza. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kilichukua jina lake kutokana na wazo hilo. Katika jamii ya namna hiyo, anayejitenga na chungu cha wenzake huzua swali zito. Wenzake hawajiulizi tu anaamini nini, bali wanajiuliza anawatakia nini.

Msiba ulilifanya swali hilo kuwa zito zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu matambiko ya ukoo, Wilson anaeleza kwamba jamaa wa marehemu waliamini kuwa tambiko lisipotimizwa, waliobaki hai wangeweza kurukwa na akili. Mkristo aliyekataa kushiriki aliona kwamba anaitii imani yake. Kaka yake asiye Mkristo aliona kwamba familia nzima imeachwa hatarini. Wote wawili walikuwa na sababu, na hakuna kati yao aliyehitaji kuwa mbaya ili waumizane.

Suala la mitala lilifanana na hilo. Mwanamume mwenye wake kadhaa aliruhusiwa kusikiliza mafundisho, lakini kwa kawaida misheni hazikumbatiza mpaka abaki na mke mmoja. Wake walioachwa walikuwa na watoto, mashamba na ng'ombe wa mahari waliounganisha koo mbili. Ubatizo wa mtu mmoja ulitikisa nyumba kadhaa. Kwa sababu hiyo, upinzani wa wazee dhidi ya misheni hauwezi kuelezwa kwa neno ushupavu pekee. Mara nyingi wazee walikuwa wanatetea mahusiano ambayo mhubiri hakuyaona.

4.0 Wahubiri kutoka ng'ambo ya Songwe

Makanisa ya wamisionari hayakubaki peke yake kwa muda mrefu. Mwaka 1908 Elliot Kamwana, Mtonga aliyesoma katika shule za misheni ya Livingstonia, alirudi nyumbani magharibi mwa ziwa akihubiri mafundisho ya Watch Tower. Katika kipindi cha miezi michache, hadi serikali ya kikoloni ilipomwondoa mwaka 1909, alibatiza watu wanaokaribia elfu kumi. Alitangaza kwamba mwaka 1914 utaleta mwisho wa utawala uliokuwepo. Sehemu ya mvuto wake ilikuwa rahisi kuielewa: Livingstonia ilidai miaka ya mafundisho kabla ya ubatizo, naye alibatiza mara moja. Aliufungua mlango ambao wengi walikuwa wamesimama mbele yake kwa muda mrefu.

Katika miaka ya 1920 yalizuka upande huohuo wa ziwa makanisa yaliyoongozwa na Waafrika wenyewe, likiwemo lile lililoanzishwa na Jordan Msumba, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita Kanisa la Mwisho la Mungu na Kristo Wake. Liliwapokea wanaume wenye wake wengi pamoja na familia zao. Terence Ranger, katika uchunguzi wake wa makanisa ya Kiafrika ya Tanzania, ameonesha jinsi makanisa ya aina hiyo yalivyovuka mpaka na kuingia Tanganyika. Kwa wamisionari, hayo yalikuwa makanisa ya kulegeza masharti. Kwa waumini wake, yalikuwa jibu la swali ambalo misheni haikulijibu: mtu anawezaje kuwa Mkristo bila kuwafukuza watu wake?

Hapa hoja yetu inapata nguvu. Mafundisho ya makanisa haya kuhusu Mungu, Kristo na Biblia hayakuwa mbali sana na yale ya misheni. Tofauti iliyowavuta watu na kuwaudhi viongozi wa misheni ilikuwa juu ya nani anaruhusiwa kuhubiri na nani anaruhusiwa kuketi mezani.

5.0 Dola nayo yadai ushiriki

Baada ya uhuru dai la ushiriki lilihamia kwenye dola. Nchini Malawi, Mashahidi wa Yehova, ambao hawapaswi kuchanganywa na wafuasi wa Kamwana, walipigwa marufuku mwaka 1967. Walikataa kununua kadi za chama tawala kwa sababu za kidini, na kuanzia mwaka 1972 maelfu yao walikimbilia Zambia na baadaye Msumbiji kutokana na mateso. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1993. Tanzania nayo iliwapiga marufuku mwaka 1965, na ikawasajili tena mwaka 1987.

Mantiki ya chama haikutofautiana sana na ya kijiji cha marika: asiyeshiriki ishara ya umoja anashukiwa kuutakia umoja mabaya. Tofauti ilikuwa katika nguvu. Kijiji kingeweza kumsusa mtu, lakini dola iliweza kumfunga, kumnyang'anya mali na kumfanya mkimbizi. Historia hii inatufundisha kwamba hisia ya kuachwa na mwenzako, hata iwe ya haki, inakuwa hatari pale inapokabidhiwa polisi.

Nchini Tanzania mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yaliingiza haki za msingi za binadamu. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa mtu wa kuamini na wa kubadilisha dini yake, na inaitaja pia kazi ya kutangaza na kueneza dini kuwa huru na ya hiari. Hivyo basi, kuhubiri si fadhila anayopewa mhubiri na wenyeji au na kanisa lililotangulia. Ni haki yake, kama ilivyo haki ya msikilizaji kukataa.

6.0 Wamormoni: swali la zamani katika sura mpya

Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilitambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991 na nchini Tanzania mwaka 1992, na Kitabu cha Mormoni kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2000. Wamisionari wake wengi ni vijana wanaotembea wawili wawili. Wavulana hutumikia kwa miaka miwili na wasichana kwa miezi kumi na minane. Pingamizi za makanisa mengine kwa kawaida huhusu mafundisho, hasa fundisho la Utatu na kuwepo kwa maandiko mengine mbali na Biblia. Mwaka 2001 Kanisa Katoliki liliamua kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali kwake.

Hata hivyo, mwanahistoria wa Ziwa Nyasa akiitazama imani hii hukutana na mambo anayoyafahamu. La kwanza ni mitala. Wamormoni waliitetea hadharani kuanzia mwaka 1852, na rais wao Wilford Woodruff akatangaza kuisitisha mwaka 1890, yaani mwaka mmoja kabla ya wamisionari wa Kijerumani kufika Rungwe na kuwadai Wanyakyusa waiache. Leo kanisa hilo halimbatizi mwanamume aliye katika ndoa ya mitala. Hivyo linamdai Mwafrika gharama ambayo waanzilishi wake waliilipa kwa uchungu na chini ya shinikizo la serikali yao.

La pili ni nafasi ya mtu mweusi. Hadi Juni 1978 wanaume wenye asili ya Afrika walinyimwa ukuhani katika kanisa hilo. Mwaka 2013 kanisa lilikana hadharani nadharia zilizotumika zamani kutetea jambo hilo. Mtanzania anayeuliza juu ya historia hiyo anauliza kilekile walichouliza wafuasi wa Msumba, yaani kama mwaliko ni wa kuketi mezani au wa kusimama mlangoni.

La tatu ni wafu. Wamormoni hutafuta majina ya wazee wao waliokufa na kubatizwa kwa niaba yao hekaluni. Kwa mtu aliyelelewa akijua kwamba uhusiano na marehemu haukatwi na kaburi, wazo hilo si geni kama linavyoonekana kwa Wakristo wengine. Lakini hekalu haliingiwi na asiye muumini anayestahili. Lile la Johannesburg lilifunguliwa mwaka 1985 na lile la Nairobi mwaka 2025, na katika yote mawili ndugu wasio waumini hubaki nje. Imani inayowaunganisha wafu na walio hai inaweza, kwa saa chache, kuwatenganisha walio hai wenyewe. Aidha, kanisa hilo linakataza pombe, chai na kahawa. Rungwe ni nchi ya chai na kahawa, na kimpumu bado kina nafasi yake katika mikusanyiko. Huko kikombe kinachokataliwa huonekana mapema kuliko fundisho linalokataliwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mitazamo juu ya imani ngeni kaskazini mwa Ziwa Nyasa iliongozwa na kipimo cha ushiriki. Kijiji kilikitumia kwa Mkristo wa kwanza, misheni ikakitumia kwa makanisa yaliyotoka ng'ambo ya Songwe, dola ikakitumia kwa Mashahidi wa Yehova, na kinaweza kutumika leo kwa Wamormoni. Kila aliyewahi kuwa mgeni, alipokwisha kukaa, alimpima mgeni aliyefuata.

Kipimo hicho hakipaswi kudharauliwa, kwa kuwa kinatokana na thamani halisi ya kuishi pamoja. Lakini hakiwezi kuwa sheria. Katiba inamlinda anayehubiri na asiyeshiriki, na yaliyotokea Malawi yanaonesha gharama ya kuukosa ulinzi huo. Yanayobaki nje ya sheria ni wajibu wa mhubiri na wa jirani. Mhubiri anapaswa kujua kwamba anapomwalika mtu mmoja anagusa nyumba nzima, na kwamba kukaa matangani na familia, hata bila kugusa kile dini yake inachokataza, ni sehemu ya mahubiri yake. Jirani naye anapaswa kukubali kwamba mtu anaweza kukataa kikombe bila kuwakataa wanaokunywa. Watafiti wa historia ya dini katika maeneo ya Kyela na Rungwe watafaidika wakiacha kuhesabu tu vituo na waliobatizwa, na kuanza kuuliza nani aliendelea kula na nani.