Bustani za Shilingi Moja

Ndugu zangu mliosoma nami mtakumbuka kwamba bustani ya shule tuliijua kwa adhabu tu. Ndiyo maana nilipokuwa masomoni Uingereza, wanafunzi wenzangu wakakodi basi wakati wa kiangazi tukatazame bustani ya tajiri mmoja, nilinung'unikia kiingilio. Kulipa fedha kuona maua!

Mlangoni nikauliza fedha zile zinakwenda wapi. “Kwa wauguzi,” nikajibiwa, na hapo ndipo nilipoanza kuitafuta historia yake. Mwaka 1927 bustani 609 zilifunguliwa kwa umma, kila mtu shilingi moja, ili kuwasaidia wauguzi waliokuwa wakiwazungukia wagonjwa majumbani. Zilipatikana zaidi ya paundi 8,000. Paundi ya siku zile ilikuwa shilingi 20. Pigeni hesabu ninyi vijana mlioko madarasani. Huduma ya afya ya taifa ilianza 1948 tu. Kabla yake maskini wengi waliwategemea wauguzi hao.

Mama yangu alikuwa mkunga wa kijiji, akienda kwa miguu, mara nyingi bila malipo. Nililipa, nikanunua na chai. Chenji nikaiacha mezani.