Uvimbe wa Taya
Taya ndilo bawaba ya kinywa. Likivimba sana, kula, kupumua na hata kulala huweza kuwa taabu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Daktari Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya yote mawili, kushoto na kulia. Baadaye akamwona mwingine Jinja, akastaajabu. Mwaka 1961 alifunga safari kwa gari pamoja na wenzake wawili, maili 10,000 hivi, akiuliza kila hospitali aliyoipitia. Ikabainika kuwa saratani hiyo hufuata nchi za joto na mvua, penye malaria. Hata Junda, upande wa Kisauni, imo katika ukanda huo. Siku hizi hutibika kwa dawa ikiwahiwa. Basi uvimbe wa taya la mtoto usidhaniwe kuwa ni jino tu.