Kukaza na Kulegeza Filamu

Watu wetu wamezoea kupeleka filamu studio "ikasafishwe", na wengine husema "ikaoshwe". Mpenda usahihi anaweza kulikataa neno hilo: filamu haikuchafuka, isafishwe nini? Mimi nalitetea, na nalitetea zaidi kwa filamu ya rangi kuliko ile ya nyeusi na nyeupe.

Filamu ya negativu ya rangi imebeba chumvi za madini ya fedha katika tabaka zinazosikia bluu, kijani na nyekundu. Dawa ya kwanza huzikuta chembe zilizoguswa na mwanga na kuzigeuza kuwa fedha halisi. Dawa iliyokwisha kufanya kazi hiyo huungana na viunga vilivyofichwa ndani ya tabaka, na hapo huzaliwa rangi: manjano, majenta na sayani. Kisha fedha yote hutolewa. Dawa ya kupausha huirudisha kuwa chumvi, inayofuata huiyeyusha, maji huisomba. Katika filamu ya nyeusi na nyeupe fedha ndiyo picha yenyewe. Katika filamu ya rangi haibaki fedha, hubaki rangi tupu. Huko ni kusafisha kweli.

Ni kwenye dawa ya kwanza tu ambako neno hilo halifai. Pale hakuna kinachoondolewa. Picha ilikuwa imejificha tangu kamera ilipofumba jicho lake, nayo sasa inajitokeza. Kwa hatua hiyo nasema "kuibua". Kazi nzima iendelee kuitwa kusafisha, na dawa hii iitwe dawa ya kuibua. Katika utaratibu wa C-41, ulioletwa na Kodak mwaka 1972, kuibua huchukua dakika 3 na sekunde 15 katika joto la nyuzi 37.8 za Selsiasi.

Kuna pia lile tunalosoma kwenye kasha: 100, 200, 400. Wengi huita ASA mpaka leo, ingawa kipimo rasmi ni ISO. Wapo wanaosema "wepesi wa filamu" au "kasi". Filamu haikimbii popote. Mswahili husikia baridi, husikia harufu, husikia njaa. Kwake kusikia hakuishii masikioni. Basi filamu nayo isikie mwanga, na namba ile iwe ya "usikivu". Filamu ya 400 ina usikivu mara mbili ya ile ya 200, na kila kuongezeka mara mbili ni hatua moja.

Ugumu uko hapa. Mpigapicha wa harusi ya usiku ana filamu ya 400, taa ni hafifu. Anaiweka kamera kwenye 1600, yaani anaipa filamu robo tu ya mwanga inaoutaka, kisha anamwomba msafishaji aiache zaidi kwenye dawa ya kuibua. Kwa hatua moja, muda unaotajwa sana ni dakika 3 na sekunde 45. Kwa hatua mbili huongezwa tena. Waingereza husema wameisukuma filamu, na wakipunguza muda wameivuta. Tukisema kwamba "tumeongeza usikivu", tutakuwa tumedanganya. Usikivu uliwekwa kiwandani. Kivuli ambacho hakikupata mwanga wa kutosha hakina cha kuibuliwa, hata kikikaa kwenye dawa nusu saa. Wali hauongezeki sufuriani kwa kuongezewa moto.

Kinachobadilika ni kingine. Sehemu zilizopata mwanga mwingi huzidi kujaa rangi, zile za giza husogea kidogo tu, na tofauti kati yake hupanuka. Chenga huonekana zaidi. Tabaka tatu hazijibu kwa kiwango kimoja, kwa hiyo vivuli vinaweza kuegemea rangi moja na mianga rangi nyingine, kasoro ambayo mchapaji hawezi kuirekebisha yote.

Kwa hiyo napendekeza "kukaza". Tunakaza kamba, tunakaza ngoma, tunakaza sauti. Picha iliyoachwa zaidi kwenye dawa imekazwa: weupe wake umekaza, weusi wake umekaza. Na kinyume chake tunacho tayari, "kulegeza": muda ukipunguzwa, tofauti ya mwanga na kivuli hulegea. Kulegeza huhitajika mara chache katika negativu ya rangi, kwa sababu filamu hizi huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Ukipeleka filamu uliyoipiga kwa 1600, andika juu ya mkebe wake: "400, kaza hatua mbili", na umwambie msafishaji kwa mdomo pia. Mkanda wote huingia kwenye dawa kwa pamoja. Picha ulizopiga mchana kwa 400 kwenye mkanda huohuo nazo zitakazwa.