Usaili wa Utumishi wa Umma: Maandalizi na Makosa ya Kuepuka

Ajira nyingi serikalini huratibiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupokelewa kupitia mfumo wa Ajira Portal. Mwombaji anayekidhi vigezo huitwa kwenye usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika. Anayefaulu huendelea na mahojiano. Baadhi ya kada hufanya pia usaili wa vitendo.

Mwongozo bora wa kujisomea ni tangazo la kazi lenyewe, kwa kuwa majukumu yaliyoorodheshwa humo huonesha maeneo ya kupewa kipaumbele. Msailiwa wa kada ya kumbukumbu, kwa mfano, hana budi kujua namna ya kufungua jalada, kuliainisha na kulifuatilia. Kukariri maswali yanayosambazwa mitandaoni hakuchukui nafasi ya maarifa hayo.

Makosa mengine hayahusu taaluma. Kufika na hati ya matokeo badala ya cheti halisi, kukosa kitambulisho, au kuwa na majina yanayotofautiana bila hati ya kubadili jina humnyima msailiwa nafasi kabla hajajibu swali lolote.

Mkazi wa Mbagala anapaswa pia kuzingatia msongamano wa asubuhi katika Barabara ya Kilwa, akafahamu mapema kituo chake cha usaili. Gharama za usafiri na chakula ni za msailiwa mwenyewe.

Ajira haziuzwi. Anayeombwa fedha atoe taarifa TAKUKURU kwa namba 113.