Ripoti ya hitilafu ya programu

Ripoti ya hitilafu ni taarifa ambayo mtumiaji au mjaribu humpelekea mtengenezaji wa programu, akieleza ilipokwenda kombo. Ripoti inayofaa hutaja toleo la programu, mfumo endeshi, matokeo yaliyotarajiwa na yaliyotokea, na zaidi ya yote hatua za kuifanya hitilafu ijirudie. Bila hatua hizo mhandisi hubaki akibahatisha.

Tangu 1998 mradi wa Mozilla hutumia programu ya Bugzilla, iliyoanzishwa na Terry Weissman, ambayo huipa kila ripoti namba na hali yake. Mletaji huweza kujibiwa kwamba hitilafu imerekebishwa, imekwisharipotiwa na mwingine, haitarekebishwa, au “kwangu inafanya kazi”. Jibu hili la mwisho huudhi kuliko yote, ingawa mara nyingi ni la kweli, kwani mipangilio ya kompyuta hutofautiana. Kampuni nyingi za kibiashara hazionyeshi orodha zao za hitilafu. Mteja hupewa namba ya kumbukumbu, kisha kimya.

Hitilafu za usalama huripotiwa kwa siri kwanza. Kikundi cha Project Zero cha Google, kilichotangazwa 2014, humpa mtengenezaji siku 90. Zikipita bila marekebisho, maelezo hutolewa hadharani. Baadhi ya watengenezaji pia huwalipa wagunduzi wa hitilafu: Netscape, kampuni ya kivinjari, ilianza kuwazawadia mwaka 1995. Donald Knuth naye, mtunzi wa TeX, programu ya kupanga maandishi, alifikisha zawadi ya hitilafu moja ya programu hiyo dola 327.68, lakini wengi waliopata hundi zake walizihifadhi bila kuzipeleka benki.